Swala Aliyepigwa kutoka Ng'ambo ya Bonde

Nitasema mapema, nisije nikaonekana mtu mwema: yule afande nilimwonea wivu tangu siku ya kwanza, kabla hajafyatua hata risasi moja. Alishuka kwenye pikipiki, akampa bosi mkono, mimi akanitikisia kichwa, kisha akauliza choo kiko wapi. Basi. Roho ikawa imeshaniuma. Alikuwa amenyooka. Mimi miaka ya kutambaa porini imenipinda mgongo, na mtu aliyenyooka hunikera hata akiwa amekaa kimya.

Nilikuwa na mwaka wa nne kazini, katika shamba kubwa la ng'ombe, mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki kutoka makazi ya Nakivale, Uganda, ninakoishi. Mimi ni mkimbizi wa kutoka mashariki ya Kongo, mtoto wa mwindaji aliyetumia nyavu na mbwa. Katika shamba lile swala hulisha pamoja na ng'ombe kama ndugu, na mwenye shamba, ambaye sote tulimwita bosi, alikuwa na kibali cha kupokea wageni wa kutoka ng'ambo wanaokuja kuwinda. Pembe huenda na mgeni. Nyama hugawiwa wafanyakazi na majirani.

Kazi yangu ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, kumfikisha mgeni karibu. Nilikuwa na soksi kuukuu iliyojaa majivu laini ya jikoni. Ukiitikisa kidogo, vumbi jeupe hutoka na kukuonyesha upepo unakwenda wapi, nawe unazunguka ili mnyama asikunuse. Nikitangulia na soksi yangu, mgeni akinifuata kwa magoti, tulikuwa tunafika hatua sitini, hata hamsini. Wageni wengine walilia kwa miiba. Mmoja alinishika mkono baadaye, akaniambia kwa ishara kwamba alisikia swala akitafuna.

Sehemu ya pili ilikuwa kisu. Mimi ni Mwislamu, na wafanyakazi kadhaa wa shamba ni Waislamu, na majirani zangu wengi kule Nakivale pia. Wako mashekhe wanaoruhusu nyama ya risasi kwa masharti yake, lakini watu wangu hawakutaka masharti, walitaka kisu. Kwa hiyo bunduki ikilia tu, mimi nilikuwa nimeshatoka mbio. Ni lazima nimkute mnyama bado anapumua, nimwelekeze kibla, nitaje jina la Mungu, nikate. Baba alinifundisha kukibana kisu nyuma ya mkono, ubavuni, ili mnyama asikione kabla ya kukisikia shingoni. Alisema ukimwonyesha umemchinja mara mbili. Katika miaka ile minne sikumbuki kukosa zaidi ya mara tatu. Mfanyabiashara mmoja wa vitenge mjini Mbarara, Mtanzania aliyeingia zamani kwa mpaka wa Kikagate akiwa na furushi moja, nilikuwa nikimpelekea paja mara moja moja. Aliniambia, "Nyama ya kisu chako, ndugu yangu, naila nimefumba macho." Sentensi ile nilitembea nayo kama mtu aliyevaa shati jipya.

Ndipo akaja afande.

Alikuwa sajenti mstaafu, aliyekulia katika kambi ya jeshi ya Mbarara na kuzeekea humo, baba yake naye askari. Jeshini alikuwa mlengaji. Bosi alimchukua kwa sababu wageni wa siku hizi hawataki magoti. Wanakuja na bunduki ndefu zenye darubini nene kama mkono wa mtoto, na kimashine cha kuchungulia kinachokuambia mnyama yuko mita ngapi. Wanataka kulala juu ya kilima kimoja na kumpiga mnyama aliyeko kilima kingine, kisha wakawaambie wenzao idadi ya mita. Afande alijua mambo hayo yote. Alijua risasi inashuka kiasi gani njiani na upepo unaisukuma kiasi gani. Alilala chini mara moja, bila kupapasa papasa, pumzi zikatulia, na alipopiga mara ya kwanza mbele yetu swala alianguka kule mbali kabla mlio haujarudi kutoka kilimani. Wafanyakazi wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukimbia na kisu changu, na nilikimbia muda mrefu sana, nikiwa peke yangu katika bonde lote lile, watu wote wakinitazama. Nilipofika, macho ya swala yalikuwa yameshakauka. Nilirudi polepole. Siku hiyo Waislamu hawakula.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Sikuwa na la kufanya ila kubeba maji. Wageni walimpenda kwa namna iliyoniudhi hasa, maana hakujikomba kwao. Walimwomba apige nao picha. Na katika mambo ya picha alikuwa fundi. Alibeba chupa ndogo ya maji na kitambaa. Akifika kwa mnyama anafuta damu puani, anaurudisha ulimi mdomoni, anamgeuza ili tundu la risasi lilale chini, anang'oa majani yanayoziba pembe, kisha anampigisha mgeni goti nyuma yake, asimkalie. "Watu ya kwao hapana penda damu," aliniambia siku moja, akiwa anafuta. "Bosi iko na adui mingi. Picha mbaya moja, kazi kwisha." Bosi mwenyewe alikuwa akilisema hilo karibu kila siku: picha ndiyo inayoleta wageni na picha ndiyo itakayowafukuza. Nami nilikuwa katika picha moja tu kati ya hizo zote. Nilionekana kiwiko.

Nilijaribu kumshinda kwa maneno. Nilimwambia mnyama ana haki ya kukunusa. Ukiwa mbali kiasi kile huwindi, unaua tu. Ukikosea kidogo kwa karibu, nipo na kisu, namaliza. Ukikosea kidogo kwa mbali, nani atammalizia? Nilisema vizuri, nadhani, na wengine walikuwa wakisikiliza.

Afande alifikiri kwanza. Hilo nalo lilinikera, maana nilitaka akasirike.

"Mzee," akasema, "yako, empala, hii swala, nasikia watu nakuja, nakimbia, naogopa. Yangu iko nakula majani tu. Hapana jua kitu. Nalala. Wewe ungependa kufa gani?"

Nilikwenda nyumbani Nakivale na swali lile, nikalipeleka kwa mke wangu kama mashtaka. Alikuwa anachambua maharagwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa mbali.

"Lakini ule afande alikufanyia nini?" akauliza.

"Anaharibu kazi."

"Aliharibu kazi, ao aliijua kukupita?" Akatupa jiwe dogo nje ya ungo. "We muzee, hii wivu yako ni mingi. Itatafuta fasi ya kutokea."

Nilimwambia hajui mambo ya porini. Ni kweli, hajui. Alikuwa anayajua ya kwangu.

Mgeni aliyeleta mambo yote alifika mwanzoni mwa kiangazi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia mpya, na alitaka mita mia tano. Si pembe kubwa, si nyama. Mita mia tano, kwa sababu rafiki yake alikuwa amefikisha mia nne na kitu mahali pengine. Afande alimpeleka juu ya kilima asubuhi, mimi nyuma na maji. Ng'ambo ya bonde, karibu na kichuguu, walikuwa swala kumi na kitu, na dume mmoja amesimama pembeni, ubavu wote nje. Kimashine kilisema mia tano na kumi. Mgeni alilala chini, afande akalala karibu yake, akachungulia kimashine chake kingine, cha upepo.

Mimi niliitikisa soksi yangu, kwa mazoea tu. Majivu yakaenda kushoto. Kimashine cha afande bila shaka nacho kilisema kushoto. Lakini nilitazama kule chini, penye mkondo wa bonde, nikaona majani marefu yameinamia kulia. Upepo ulikuwa wa pande mbili. Juu tulipo ulikwenda huku, chini ambako risasi ingepita ulikwenda kule. Afande alikuwa amefunga jicho moja na jingine liko kwenye darubini yake. Hakuweza kuyaona majani yale. Mimi niliyaona kwa macho mawili.

Sikusema. Nilijiambia hakuna aliyeniuliza.

Bunduki ililia. Baadaye kidogo ukarudi mlio mwingine, mzito, kama mtu aliyepiga gunia lenye maji. Kila mwindaji anaujua mlio huo: ni tumbo. Kundi likatawanyika, na dume yule akaenda nyuma yao amekunja mgongo, bila haraka, akaingia vichakani. Mgeni aliuliza kama amepata. Afande alikuwa ameshasimama, uso umembadilika, na nitasema ukweli, ule uso ulinipa raha. Ilikuwa kama kunywa maji baridi.

Tulifuata damu mpaka jioni. Ilikuwa kidogo, na yenye majani ya tumboni ndani. Mimi ndiye niliyekuwa mbele, maana kusoma nyayo ndiyo kazi yangu, na mahali zilipogawanyika niliwapeleka upande wa malisho, penye nyayo za kundi. Dume alikuwa amekwenda upande wa korongo, peke yake. Niliona alama ya ukwato wake imezama upande mmoja. Nikaikanyaga kwa buti langu kuifuta, nikaendelea.

Kesho yake mgeni alipiga swala mwingine, wa mita mia na hamsini, akafutwa damu, akapigwa picha nzuri sana. Afande hakutaka kuwemo katika picha hiyo. Alirudi porini kumtafuta wa jana, akamaliza mchana wote upande ule wa malisho niliompeleka mimi, juani, bila kofia.

Mimi nilikwenda korongoni.

Nilimwona yule dume kwa mbali amelala chini ya mgunga, kichwa amekiinua. Nikaitikisa soksi. Upepo ulikuwa unanijia usoni, kwa hiyo nikalala chini, nikatambaa. Sijawahi kutambaa vizuri namna ile, kabla ya hapo wala baada. Hakuna jani lililovunjika. Nilifika hatua kumi naye bado hajanigeukia. Nzi walikuwa wamemjaa ubavuni. Aliinua mguu wa mbele na kuuweka chini, akauinua tena. Kisu kilikuwa kiunoni. Hatua kumi, mnyama hawezi kusimama, kibla nilikijua kilipo, jina la Mungu lilikuwa mdomoni.

Nikatoa simu.

Niliwaza hivi, na niliwaza kwa utulivu kabisa: nikimchinja anakuwa nyama. Watamfuta damu, watampigia picha, watasema alipatikana, na afande atakuwa tena yule afande. Akiwa hai hivi, watu wataona. Nilipiga video, nzi wote wakaonekana. Katikati niliitikisa soksi tena, kwa sababu nilihisi upepo unageuka, nami sikutaka ashtuke akajiburuta kutoka kwenye picha yangu. Kisha nikarudi kinyumenyume kama nilivyokuja. Hata hapo hakunisikia.

Jioni ile nilimtumia video yule rafiki yangu wa vitenge, na ujumbe wa sauti juu yake. Sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyeumia. Nilisema, tazama mambo ya hawa wapigaji wa mbali, tazama unyama huu, wanamwacha kiumbe wa Mungu anaoza akiwa hai ili mtu ahesabu mita. Nilimwomba asitaje jina langu. Akanijibu kwa kulaani, akaituma mbele. Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijawa kali, afande alifuata tai, akamkuta yule dume. Alikuwa bado anapumua. Alimmaliza kwa risasi moja ya karibu, akamzika mwenyewe, maana nyama ilikuwa haifai.

Baada ya siku tatu video ilikuwa imeshafika kila mahali. Mtu mmoja alikuwa ameibandika pembeni mwa picha ile safi ya mgeni na kofia yake mpya. Wauza maziwa wa mji jirani wa Endiinzi waliniuliza habari zake njiani. Mjini Mbarara redio ilifungua simu, watu wakapiga kusema wawindaji wote ni wauaji, tena pamoja na wale wenye soksi za majivu, ingawa hao hawakuwajua. Mgeni aliandika barua ndefu kwa bosi akasema ametukanwa mpaka kanisani kwake. Wageni wawili waliokuwa wanakuja wakaghairi.

Mke wangu alionyeshwa na jirani. Aliniletea simu ya jirani wakati ninakula.

"Muliona hii?" akasema. "Ni kwenu kule?"

Nikasema ni kwetu, na ni kazi ya afande. Nilingoja aniambie nilikuwa na haki. Aliitazama tena mpaka mwisho, amekunja uso.

"Na ule mwenye alikuwa anapiga video," akauliza, "yeye hana mikono?"

Niliendelea kula. Ugali ulikuwa mkavu, nikaomba maji.

Bosi alituita sote kwenye josho la ng'ombe. Aliishika simu juu ili kila mtu aone, akauliza ni nani aliyeipiga. Afande akaomba aishike mwenyewe. Akaitazama. Akairudisha nyuma kidogo, akaitazama tena mahali hapo hapo, na nilijua ni mahali gani, maana mimi nami nilikuwa nimeshapaona usiku uliotangulia. Mbele ya nzi na ule mguu unaoinuka, kitu cheupe kinapita hewani kutoka mkono wa kulia, chepesi, kinaenda na upepo. Mtu mwingine angesema ni moshi au vumbi. Katika shamba zima ni mmoja tu anayetembea na majivu.

Afande aliinua macho. Hakunitazama usoni. Alitazama kiuno changu, pale soksi inaponing'inia upande huu, na kisu upande wa pili.

"Bosi," akasema, "hii yote makosa yangu. Upepo ilikuwa mbili, mimi naona moja. Video si neno. Neno ni mimi napiga mbali."

Hakuongeza. Nilisimama pale nikingoja aongeze, na hakuongeza. Na badala ya kushukuru, nitasema kilichonijia: nilimwonea wivu. Kosa lilikuwa lake na alilibeba amenyooka vile vile. Langu nilikuwa nimelikumbatia tumboni nimejikunja.

Bosi aliweka sheria mpya. Hakuna kupiga zaidi ya hatua mia. Kila mgeni atatambaa, atake asitake, na atakayeongoza ni mimi, na atakayesema piga au usipige ni mimi. Afande aliondoka mwisho wa mwezi. Kila nilichokuwa nikikitaka nilikipata. Wageni wachache waliorudi walitambaa nyuma yangu, na mmoja alipiga nami picha, mwili mzima, uso na yote. Niliifuta kwenye simu siku hiyo hiyo, sikumwonyesha hata mke wangu.

Juzi juzi nilikuwa Mbarara, kwa rafiki yangu wa vitenge, nikiwa na paja kwenye mfuko. Duka la pili kutoka kwake ni la vifaa vya ujenzi, na mlangoni alikuwa amekaa mlinzi, yule afande. Akasimama aliponiona. Amezeeka kidogo, lakini ule mgongo ni ule ule. Alinipa mkono safari hii, akamwita mama wa chai, akaagiza vikombe viwili na chapati. Tuliongea habari za mvua na za wajukuu wake kule kambini. Alicheka vizuri. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba amesahau.

Alipomaliza chai alikipindua kikombe, akamwaga masalio chini.

"Mzee. Siku ile kwa korongo, wewe ilikuwa na kisu?"

"Nilikuwa nacho."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeulizia njia akaonyeshwa. Mteja alitoka dukani na mabati, naye akaenda kumsaidia kuyapakia.

Lile paja sikulipeleka kwa rafiki yangu. Nililishikilia magotini mpaka Nakivale, likilowesha mfuko, na njia nzima nilikuwa namsikia baba akinionyesha namna ya kukibana nyuma ya mkono, ubavuni, mnyama asikione. Katika maisha yangu nimechinja wengi, na wengi wao, nikisema kweli, walikiona kidogo. Mkono hutetemeka, jua hung'aa. Yule dume wa korongoni, aliyelala hatua kumi kutoka kwangu, nikamwacha hivyo mchana ule na usiku wake, hakukiona kabisa.